Watoto wadogo na ramani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wazazi, walezi na walimu wa darasa la awali wenye watoto wa miaka 3 hadi 7. Mifano ni ya Dodoma mjini na vijiji vya jirani, kwa kuwa jua, upepo na udongo wa huku vina tabia zake, na mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya Ulaya utakupotosha hasa unapofika kwenye kivuli.

Jambo moja utaliona likijirudia: mtoto huelewa ramani ya mahali alipokwisha kupakanyaga, tena akiiona imelazwa chini na kuelekea kule kule mahali penyewe kunakoelekea. Ukikosa kimoja kati ya hivyo viwili, mchezo hugeuka kuwa kukariri.

Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Kabla ya miaka mitatu, cheza naye kwa maneno tu: ndani, nje, juu ya, chini ya, nyuma ya, kando ya, katikati. "Weka kijiko ndani ya bakuli." "Mpira uko nyuma ya ndoo, uchukue." Mtoto asiyeyamudu maneno haya atakwama baadaye, na wewe utadhani ameshindwa ramani kumbe ameshindwa sentensi.

Karibu na miaka mitatu kuna kitu kinafunguka. Mwaka 1987 mtafiti wa Marekani, Judy DeLoache, alichapisha jaribio ambalo kitu cha kuchezea kilifichwa ndani ya chumba kidogo cha mfano, kisha mtoto akaambiwa akatafute kikubwa kinachofanana nacho mahali pale pale katika chumba halisi. Watoto wa miaka mitatu hivi walifaulu mara nyingi. Wa miaka miwili na nusu wengi walishindwa, ingawa walikumbuka vizuri kabisa kilifichwa wapi kwenye kile chumba kidogo. Shida yao haikuwa kusahau. Walikiona chumba kidogo kama kitu cha kuchezea, hawakukiona kama kinasimama badala ya chumba kingine. Basi mtoto wa miaka miwili na nusu akishindwa, weka mchezo kando miezi mitatu au minne, umjaribu tena.

Kwa nini tusianze na ramani ya Tanzania iliyobandikwa ukutani?

Kwa sababu mtoto wa miaka mitano hajaiona Tanzania. Ameona ua wa nyumbani, njia ya kwenda dukani, shule, nyumba ya bibi. Pia ramani ya ukutani imesimama: kaskazini yake inaelekea darini na kusini yake sakafuni, na mtoto akiulizwa kaskazini iko wapi atanyoosha kidole juu. Wapo wakubwa wanaoamini hadi leo kwamba mto hauwezi kutiririka kuelekea kaskazini kwa kuwa "hauwezi kupanda juu". Ukiwa nayo ramani hiyo, ing'oe ukutani siku ya kuitumia, ilaze sakafuni, elekeza kaskazini yake kwenye kaskazini ya kweli.

Tununue nini?

Karibu hakuna. Kwa kundi la watoto sita inatosha kuwa na boksi moja la sabuni, vibiriti vitupu vitano, visoda kama 20, kokoto 50, kamba ya katani mita 10, chaki au mkaa, kiroba tupu cha sembe kilichopasuliwa ubavuni kikawa kama shuka, karatasi mbili za manila, na kalamu za rangi nne. Gundi pikeni wenyewe: vijiko vitatu vya chakula vya unga wa ngano kwa kikombe kimoja cha maji, koroga kwanza na maji baridi ili isifanye madonge, kisha bandika motoni ukikoroga hadi ivute. Hukaa siku mbili tatu kabla ya kuchacha.

Mchezo wa kwanza kabisa ni upi?

Chumba kidogo ndani ya boksi. Ndio mchezo wenye faida kubwa kuliko yote katika ukurasa huu, na ukiufanya vizuri mengine yatakuwa rahisi.

Kata boksi ubaki na ukuta wa sentimita 10 hivi kwenda juu, ili mtoto aone ndani akiwa amesimama. Kata mlango pale pale ulipo mlango wa chumba chenu. Panga vitu vikubwa vinne, visizidi: kibiriti kiwe kitanda, kisoda kiwe ndoo, kipande cha boksi kilichokunjwa kiwe meza, kitambaa kidogo kiwe mkeka. Kila kimoja kikae mahali pake, na boksi lote lielekee kama chumba kinavyoelekea. Mpitishe mtoto: "Hiki ni kitanda chetu, na kitanda chenyewe kile pale." Mruhusu aguse vyote viwili.

Kisha mtoto anatoka nje. Unaficha mpira chini ya kitanda halisi. Akirudi, unamwonyesha kwenye boksi: unatia punje ya hindi chini ya kibiriti, unamwambia, "Mpira mkubwa umejificha mahali kama hapa." Anakwenda kutafuta. Akiupata, badilisheni zamu: yeye anaficha, wewe unatafuta, naye anakuonyesha kwenye boksi. Zamu yake ya kuficha ina thamani kuliko yako, kwa maana sasa anatengeneza habari ya mahali, haipokei tu.

Mchezo huu unapoharibika, mara nyingi ni kwa sababu hizi. Boksi limegeuzwa bila mtu kuona. Mtoto aliyebeba boksi kulipeleka kwa mwenzake huliweka vyovyote, kwa hiyo libandike sakafuni kwa vipande viwili vya seloteipu. Au kuna vitu viwili vinavyofanana, tuseme viti viwili, na mtoto anakwenda kwenye kiti kisicho chenyewe. Hilo ni gumu kweli kwake, liache hadi amezoea. Au umeficha katikati ya sakafu pasipo na kitu cha kushikia, mahali ambapo mtoto wa miaka minne hana cha kusema zaidi ya "pale".

Baada ya kufaulu mara kadhaa, geuza boksi robo mzunguko kwa makusudi, umwone akihangaika. Usimsaidie kwa maneno mengi. Muulize tu: "Mlango uko wapi kwenye boksi? Na mlango wenyewe?" Akiligeuza boksi mwenyewe hadi milango ilingane, amepiga hatua kubwa sana.

Nitamfundishaje kuona kitu kama kinavyoonekana kutoka juu?

Laza vitu kwenye karatasi, zungushia mstari: kikombe, kiberiti, kijiko, sufuria ndogo, kandambili. Ondoa vitu, changanya, kila mtoto arudishe kitu kwenye alama yake. Kikombe na kifuniko cha chupa ya maji hutoa duara zote mbili, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza: tutajuaje ipi ni ipi? Kwa ukubwa. Halafu weka bilauri na bakuli zenye kitako sawa. Sasa ukubwa hausaidii, na watoto wenyewe huomba kuweka alama ndani ya duara. Hapo wamebuni ufunguo wa ramani, yaani alama na maana zake, bila kufundishwa.

Zoezi jingine: mtoto asimame juu ya kiti imara huku umemshika, atazame chini kwenye sinia lenye vikombe vitatu na kijiko, kisha achore. Wengi watachora vikombe kwa ubavu, na mshikio wake. Mwache.

Mwanangu amechora nyumba kwa ubavu, zimelala kandokando ya barabara, na nyumba yetu ni kubwa kuliko shule. Nimsahihishe?

Hapana. Mtoto wa miaka mitano kuchanganya mwonekano wa juu na wa ubavu ni hatua ya kawaida, na nyumba yao kuwa kubwa ni kwa sababu ina maana kubwa kwake. Angalia mambo mawili tu: vitu vinafuatana kwa mpangilio wa kweli? Vilivyo jirani vimewekwa jirani? Kama ndiyo, ramani yake ni sahihi kwa umri wake. Ukubwa na umbali huja baadaye, mara nyingi baada ya kuanza darasa la kwanza.

Msishangae pia mtoto akisema, "Hii barabara ni nyembamba, gari halipiti," au akiamini kwamba barabara iliyochorwa kwa rangi nyekundu ni nyekundu kweli. Mpeleke akaione, mrudi kwenye mchoro, muulize kwa nini amechagua rangi ile. Safari ile ya kwenda na kurudi humfundisha kuliko maelezo yako.

Tunachoraje ramani ya uwanja wa shule ardhini?

Kwa watoto wa miaka mitano na zaidi, wakiwa sita sita. Chagua uwanja wenye vitu visivyohama: jengo la darasa, mti, mlingoti wa bendera, tanki la maji, vyoo, lango.

1. Tembeeni ukingoni mwa uwanja wote, mkitaja kila kitu kwa sauti. Rudieni mkitembea kinyume.
2. Mtoto mmoja apime upande mrefu kwa hatua. Kila hatua tano mwenzake anaokota kokoto moja, anaitia kwenye kopo. Uwanja wa hatua 40 utatoa kokoto nane. Fanyeni hivyo na upande mfupi, tuseme kokoto sita.
3. Futeni vizuri kipande cha ardhi mahali penye kivuli. Simameni mkielekea upande ambao jengo la darasa liko. Kwa kila kokoto, mtoto yule yule aliyepima aweke unyayo mmoja, kisigino kikigusa vidole vya mguu uliotangulia. Kokoto nane, nyayo nane. Unyayo wa mtoto wa miaka mitano ni kama sentimita 16, kwa hiyo ramani itakuwa na urefu wa mita moja na robo hivi, ukubwa unaowatosha watoto sita kuizunguka bila kusukumana.
4. Chora mpaka kwa kijiti. Tia kamba juu ya mstari, ishindilie kwa kokoto.
5. Anzeni na pembe, kisha lango, kisha jengo, mwisho vitu vya katikati. Kila mtoto abebe kitu kimoja mkononi (kibiriti kwa darasa, jani dogo kwa mti, kisoda kwa tanki), akasimame kwanza kwenye kitu halisi, ndipo arudi kukiweka.

Kwa nini kokoto? Watoto wengi wa miaka mitano hupotea wakihesabu hadi 40, lakini tano wanaimudu. Kokoto hubeba hesabu kwa niaba yao, na kila kokoto kuwa unyayo mmoja ndiyo skeli (kipimo cha ramani) yenyewe, imepita mikononi mwao kabla hawajaisikia ikitajwa.

Kinachokosewa zaidi ni kubadilisha mpimaji katikati. Hatua ya mtoto mmoja si ya mwenzake, na uwanja utatoka umepinda. Kosa la pili ni la walimu: kuanza na vitu vya katikati. Mti ukiwekwa kabla ya pembe, kila kitu kitasogea.

Baada ya hapo chezeni kombolela. Kila aliyejificha akaonekana aje aweke kisoda chake kwenye ramani pale alipokuwa amejificha. Mchezo wanaujua, na ramani inapata kazi.

Kulia na kushoto tufundishe lini?

Polepole, na usiifanye kuwa mlango wa kuingilia kwenye ramani. Watoto wengi hujua kulia kwao karibu na miaka sita au saba, na kulia kwa mtu anayewatazama baadaye zaidi. Kabla ya hapo tumia vitu: "pinda kwenye mbuyu, upande wa bomba la maji". Ukitaka kuanza, funga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa kila mtoto, na wewe ufunge wako, simama ukiwapa mgongo ili mikono yenu ilingane. "Mkono wa kulia chakula" hauwafai wote. Mwenye kutumia kushoto atachanganyikiwa siku nzima.

Kaskazini ya kwetu iko wapi, na tuipateje bila dira?

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, hata kwa watu waliosoma.

"Jua linachomoza mashariki" ni kweli kwa jumla, lakini ni mashariki kamili karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba tu. Mwezi Juni huchomoza nyuzi 23 hivi kaskazini mwa mashariki, na Desemba nyuzi hizo hizo kusini mwake. Nyosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi ni kama nyuzi 10. Kwa hiyo kati ya Juni na Desemba pa kuchomoza panahama karibu ngumi tano. Mwalimu aliyechora mshale wa mashariki mwezi Juni ataona haulingani na jua la Desemba, atadhani alikosea kuchora.

Saa sita mchana nako kuna utata. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Kuanzia wiki ya pili ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la adhuhuri linapita upande wetu wa kusini na kivuli huangukia kaskazini. Miezi iliyobaki linapita kaskazini na kivuli huangukia kusini. Fimbo ya mita moja hutoa kivuli cha sentimita 57 hivi adhuhuri ya mwishoni mwa Juni, na sentimita 31 hivi adhuhuri ya mwishoni mwa Desemba, kila kimoja upande wake. Zile siku za kugeuka, jua linakuwa utosini na kivuli karibu hakipo. Kitabu kinachosema "kivuli cha mchana huonyesha kaskazini" kimeandikwa kwa ajili ya nchi za mbali kaskazini.

Tena adhuhuri ya jua haianguki saa sita kamili. Saa za Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na 36. Kwa hiyo Dodoma jua hufika kileleni kati ya saa sita na dakika 20 na saa sita na dakika 50, kulingana na mwezi.

Njia inayofaa mwaka mzima ni ya duara. Simika fimbo iliyonyooka, ya mita moja, mahali tambarare. Ipime wima kwa uzi wenye jiwe. Saa nne na nusu asubuhi weka kokoto kwenye ncha ya kivuli, kisha chora duara kwa kamba, fimbo ikiwa katikati na ukingo ukipita kwenye ile kokoto. Kivuli kitafupika, kitarefuka tena, na ncha yake itaugusa ukingo upande wa pili kati ya saa nane na dakika 10 na saa tisa na dakika 10, kulingana na mwezi. Weka kokoto ya pili. Mstari kati ya kokoto mbili ni magharibi–mashariki, na kokoto ya asubuhi ndiyo ya magharibi. Simama ukiwa na mashariki mkono wa kulia, utakuwa umeelekea kaskazini.

Kazi hiyo afanye mwalimu siku ya Jumamosi, kisha apake mshale wa kudumu sakafuni. Watoto wahusike na kipande kimoja tu: kuweka kokoto kila nusu saa na kuona kivuli kikitembea.

Dira ya kwenye simu haitoshi?

Inatosha kwa kuhakikisha, ukiitumia uwanjani. Chini ya paa la bati, karibu na nguzo yenye nondo, dawati la chuma, spika au simu nyingine, huyumba. Ondoa kava lenye sumaku, izungushe simu hewani kwa umbo la nane mara kadhaa, ilaze, soma, kisha sogea hatua kumi usome tena. Zikitofautiana sana, kuna chuma karibu.

Watoto wangu hawashiki majina ya pande nne. Nifanyeje?

Zipe pande sura kwanza. Kwa anayeishi karibu na katikati ya Dodoma mjini, kaskazini ni upande wa Miyuji na barabara ya Arusha. Mashariki ni upande wa Nzuguni, Mtumba na barabara ya Dar es Salaam. Kusini ni barabara ya Iringa, kuelekea bwawa la Mtera. Magharibi ni upande wa Nkuhungu na barabara ya Singida. Bandika picha nne kwenye kuta nne za darasa. Kisha mchezo wa kukimbia: "Basi la Arusha!" wote wanakimbilia ukuta wa kaskazini. Baada ya wiki mbili badilisha wito uwe "Kaskazini!" Aliyekaa Nzuguni au Kisasa apange picha upya, maana kwake mjini ndiko magharibi.

Ramani ya njia ya kwenda shule au sokoni inafanywaje?

Kata manila vipande vya upana wa sentimita 10, unganisha viwili kwa gundi upate mkanda wa sentimita 120 hivi. Ukunje kama feni. Nyumbani ni kunjo la chini kabisa, shule ni la juu. Mkitembea, kila mfikapo kwenye alama, fungua kunjo moja, mtoto achore alama ile tu. Alama nne kwa mtoto wa miaka minne, sita kwa wa sita. Zaidi ya hapo hachori, anasumbuka.

Alama nzuri ni zile zisizoondoka: mashine ya kusaga, kioski cha maji, msikiti, kanisa, mbuyu, kalavati, kibao cha jina la mtaa. Watoto watapendekeza mbuzi aliyefungwa, bajaji, mama anayechoma mahindi. Usikatae hapo hapo. Chora, na kesho mpite tena mkiwa na mkanda mkononi. Mbuzi akikosekana, muulize mtoto ramani ifanyweje.

Vibao vya mitaa na namba za nyumba vilivyowekwa wakati wa operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ni zawadi kwa mchezo huu. Anayejua tarakimu atafute namba ya nyumba yao, ya jirani wa kushoto na ya jirani wa kulia, aandike zote kwenye mkanda.

Wakati wa kurudi, mkanda ugeuzwe kichwa chini ili shule iwe karibu na tumbo la mtoto. Huu mgeuko mdogo ndio wengi huusahau, kisha hushangaa kwa nini mtoto aliyeimudu njia asubuhi anaikosa mchana.

Ufunguo na skeli, lini?

Ufunguo, mara tu mtoto mmoja anaposhindwa kusoma alama ya mwenzake. Skeli ya tarakimu, usiiguse kabla ya darasa la tatu au la nne. Ile ya kokoto na nyayo inatosha.

Picha za setilaiti kwenye simu zinafaa?

Zinafaa sana, baada ya mtoto kuchora uwanja wake mwenyewe. Hata watoto wa miaka minne hutambua nyumba, barabara na miti kwenye picha iliyopigwa kutoka angani. Zima majina, weka kaskazini juu, kuza hadi paa la nyumba yenu liwe kama ukucha wa kidole gumba. Anzeni na rangi ya bati: la bluu, jekundu, lililopata kutu. Laza simu chini, ielekeze. Ukitaka kuchapisha, chapisha A3 ya rangi. Ya nyeusi na nyeupe hufanya vivuli na miti kuwa kitu kimoja. Picha huenda ilipigwa kiangazi wakati mibuyu imepukutika, au kabla ya jirani kujenga. Kutafuta kilichobadilika ni mchezo kamili.

Darasa langu lina watoto 70. Nitawezaje?

Kundi moja kwa wakati. Tenga kona nne za kujifunzia: tatu ziwe na kazi wanazozijua (kuhesabu, udongo, picha), moja iwe ya ramani. Watoto wa kona ya ramani wasizidi nane. Wakizidi, wa nyuma hawaoni, na ramani inayoonekana kichwa chini ni ramani nyingine kwao. Zungusha makundi kwa siku kadhaa, usilazimishe wote siku moja.

Kwa darasa zima, chora uwanjani miraba minne kwa minne, kila mmoja sentimita 50. Upande mmoja weka picha: embe, ngoma, kuku, ndoo. Upande wa pili weka rangi. "Kuku, bluu!" na mtoto anaruka kwenye mraba wake. Ndio mwanzo wa kusoma gridi, ile miraba ya kwenye ramani. Wanaosubiri wanaonyesha kwa kidole kabla hajaruka, kwa hiyo hakuna anayekaa bure.

Nina mtoto asiyeona.

Ramani ya kugusa ni ramani kamili. Kamba iliyobandikwa iwe njia, mchanga juu ya gundi uwe uwanja, kitambaa kiwe darasa, kifungo kiwe mlango. Acha nafasi ya upana wa kidole kati ya kitu na kitu, na usitumie miguso zaidi ya minne kwenye ubao mmoja. Anza na njia moja: mlango hadi chooni. Atembee akigusa ukuta, kisha apitishe kidole kwenye kamba, ubao ukiwa umeelekea sawa na njia. Wenye kuona nao wafunge macho wacheze. Huwa wanajifunza umbali kwa miguu zaidi ya walivyodhani.

Upepo unapeperusha karatasi, mvua inafuta michoro.

Kiangazi, hasa Juni hadi Septemba, fanyeni asubuhi mapema, tumieni kiroba badala ya karatasi, na kila kona iwe na jiwe. Masika chora sakafuni kwa chaki. Mvua ikifuta ramani ya uwanjani, ichoreni upya. Ya pili hutoka bora.

Usalama?

Visoda vina ukingo mkali: vigonge viwe bapa, na asipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu kitu chochote kinachoweza kuingia mdomoni kizima. Punje na maharage huishia puani na masikioni, hesabu zilizotoka na zilizorudi. Mtoto asilitazame jua kabisa, atazame kivuli. Uwanja ukaguliwe miiba na vioo. Matembezi barabarani: mkubwa mmoja kwa watoto wanne au watano, naye akae upande wa magari na bodaboda. Msikatize korongo wakati wa mvua hata likiwa kavu. Maji hushuka ghafla kutoka mlimani ambako ninyi hamkuona mvua.

Lini tufike kwenye ramani ya mkoa na nchi?

Miaka sita au saba, na mlango mzuri ni treni. Tandaza kamba ndefu sakafuni kutoka magharibi kwenda mashariki. Weka kiti cha Dodoma, kisha Gulwe, Kilosa, Morogoro, mwisho Dar es Salaam. Watoto wanashikana mabegani, wanasimama kila kituo, mmoja anashuka, mmoja anapanda. Baadaye rudisha kamba upande wa pili wa Dodoma hadi Tabora na Kigoma, wajue kwamba reli haiishii kwetu. Umbali usiupime bado; mpangilio wa vituo unatosha.

Ndipo utandaze ramani ya nchi kando ya kamba, ikielekea sawa, mtafute mstari ule ule wa reli kwa kidole. Mkoa wetu ufuate: Kondoa na Chemba upande wa kaskazini, Kongwa na Mpwapwa mashariki, Bahi magharibi. Muulize kila mtoto ndugu zake wako wapi, aweke kisoda hapo.

Nitajuaje kwamba ameelewa?

Mpe ramani ya chumba aliyochora mwenzake, ikiwa imegeuzwa. Anayeelewa ataizungusha kabla hajaanza kutafuta. Pia sogeza kitu kimoja chumbani, tuseme ndoo, bila kusema. Akirudi na kusema ramani imekosea, au akaichukua kalamu aihamishe ndoo kwenye karatasi, endelea naye kwenye uwanja. Akihamisha ndoo yenyewe irudi ilipochorwa, muulize sababu na umsikilize hadi mwisho. Huenda naye ana hoja.